Shahidi Aliyejikataa katika Ndoa ya Lubaba

Ndugu zangu katika imani, naanza na kosa langu mwenyewe. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alialikwa kuwa shahidi wa ndoa, naye akainuka kabla khutuba haijasomwa, akaenda zake. Mimi, badala ya kuuliza kulikoni, nilimwinamia jirani yangu pale pale kwenye jamvi nikasema, "Yule mzee anamjua bibi harusi kuliko sisi." Neno likatembea. Baadaye nikajua kwamba mzee alishikwa na tumbo tu. Nilikwenda kwa wazazi wa binti kuomba radhi, wakanisamehe, ila neno lenyewe sikuweza kulirudisha. Basi haya nayasimulia kama mtu aliyekwisha kukosea, wala mimi si mwanachuoni.

Tumepokea kutoka kwa waliotutangulia kwamba hapo kale palikuwa na mji mdogo katika bonde moja la Yemen, na watu wake waliishi kwa kazi ya kutia nguo rangi ya nili. Mgeni aliujua mji ule kwa mbali kwa nguo za buluu zilizoanikwa juu ya madari. Walikuwa watu wa ibada, na katika ndoa walikuwa na ada yao. Ijumaa iliyotangulia shughuli, walii wa bibi harusi, yaani yule mwenye haki ya kumwozesha, alisimama mlangoni mwa msikiti watu wakitoka, akatangaza kwa sauti majina ya mashahidi wawili wa ndoa. Watu wakiitikia, "Mwenyezi Mungu awakubali," basi imekwisha. Aliyetajwa ametajwa. Ilikuwa ni heshima kubwa, na haikupata kusikika mtu akaikataa ila mara moja, zamani sana. Binti wa ndoa ile alizeeka hajaolewa, maana watu walisema shahidi hakujitoa bure, lazima ameona jambo.

Katika mji huo aliishi binti yatima, jina lake Lubaba. Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo, akalelewa na ami yake aitwaye Naufal. Alikuwa binti mwenye haya na mwenye akili. Alikuwa amekwisha kuposwa mara moja, mchumba akaghairi bila kusema sababu, na watu wakajitafutia sababu wenyewe. Kisha Mwenyezi Mungu akamletea posa ya pili, kijana kutoka vijiji vya milimani, jina lake Mughith, mwenye dini na tabia njema. Kila mtu alielewa kwamba ikivunjika hii haitakuja ya tatu.

Lubaba alimwambia ami yake, "Ami, mashahidi tunao hapa hapa. Yuko Bishri upande huu wa ukuta, na Dahman upande ule. Watu hao wanatujua mpaka tunavyokohoa."

Naufal akacheka. "Watia rangi? Mikono ya buluu mpaka viwikoni! Wakwe zako wanashuka kutoka milimani, mwanangu, nami niwaonyeshe Bishri?"

"Wanashuka kuniona mimi, ami."

"Wanashuka kuona tunasimama na nani."

Naufal hakuwa mtu mbaya, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alimlea yatima kwa mali yake wala hakumsimbulia hata siku moja. Ila alipenda jina lake litajwe pamoja na majina makubwa. Ijumaa ilipofika alisimama mlangoni mwa msikiti akamtaja mfanyabiashara mmoja wa nafaka, kisha akapaza sauti zaidi akasema, "Na wa pili ni Sheikh Ghanim bin Ayyash!" Hakuwa amemwuliza hata mmoja kati yao.

Ghanim alikuwa amejiinamia akivaa makubadhi yake. Alikuwa mwuza manukato, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, na katika mji ule mzima hapakuwa na ushahidi uliopokewa kama wake. Kadhi alikuwa hamtafutii mtu wa kumthibitishia uadilifu, akishasema Ghanim imetosha. Watu wakamzunguka kumpa mkono na kumwombea dua. Akaitikia amina kwa sauti ndogo, akaenda nyumbani.

Mkewe, Bibi Rayta, alikuwa anapepeta shayiri. Akamwambia, "Habari zimefika kabla yako. Utavaa joho lipi?"

"Sitaketi, Rayta."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Ule mwezi sikuuona."

Bibi Rayta akautua ungo chini.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka kadhaa nyuma, mwishoni mwa Ramadhani, Ghanim alipanda kilimani baada ya jua kuzama, pamoja na rafiki yake aliyeitwa Mundhir, kuutazama mwezi wa Idi. Watu walisimama nyuma yao wakingoja. Mundhir akanyoosha kidole, "Ule pale, juu ya kile kilele cha mtende." Ghanim akatazama, akaona wekundu wa magharibi na chini yake ukungu, basi. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, naye hakuwa amemwambia mtu, kwa kuona haya. Nyuso za watu aliziona vizuri. Vitu vya mbali ndivyo vilivyokwisha kumtoka. Watu wakauliza, "Na wewe, Ghanim, umeuona?" Akajibu, "Nauona." Na katika dini, kuumaliza mwezi wa Ramadhani watakiwa mashahidi wawili waadilifu. Wakapatikana wawili, kwa hesabu ya watu. Mji mzima ukafungua. Baada ya siku chache wakaja wasafiri wakasema kwamba miji yote ya pwani ilitimiza thelathini, na watu wakasema kila mji na mwezi wake. Mundhir alikwisha kufa. Ghanim alistaghafiri sana, akailipa ile siku kwa kufunga kwa siri.

Bibi Rayta alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Uliilipa?"

"Niliilipa."

"Na mimi je?"

Ghanim akavua kilemba chake, akakiweka magotini.

"Mimi nilikula kwa neno lako, mume wangu. Nilikupikia kwa mikono yangu ukala. Na mimi je?"

Bibi Rayta akapepeta kidogo, akaacha tena, akasema, "Hilo letu tutalizungumza. Sasa nenda kwa Naufal akatafute mtu mwingine, kabla wakwe hawajafika."

Ghanim akaenda. Alimkuta Naufal uani kwake, anaonyesha watu mahali pa kutandika mazulia.

"Ndugu yangu Naufal, nimekuja kukuomba uniondoe katika mashahidi. Muweke mwingine."

Naufal akadhani anatania. "Nikuondoe, na jina lako limeshaitikiwa na watu?"

"Niondoe. Nina sababu."

"Sababu yako, au ya nyumba yangu?"

"Yangu."

"Basi itaje."

Ghanim akashindwa kuitaja. Akatazama mazulia. Naufal akamvuta pembeni, sauti ikiwa imembadilika. "Umeona nini kwa huyu mtoto, Ghanim?"

"Wallahi sikuona kitu."

"Hukuona kitu, na kuketi hutaki. Mimi watu nikawaambie nini?"

Ghanim akaaga akatoka. Alidhani kwamba kwa kujitoa amejiepusha na kosa la pili, na tazama, palikuwa na watumishi waliokwisha kusikia. Kufikia alasiri ya siku iliyofuata, wanawake waliokuwa wakisuuza nguo penye mapipa ya nili walikuwa hawana habari nyingine. Mmoja akasema, "Ghanim amejitoa." Mwingine akasema, "Ghanim yule aliyeuona mwezi? Macho yale yameona nini tena?" Wa tatu akasema, "Na yule mchumba wa kwanza naye, mbona alighairi? Mimi nilisema." Hakuwa amesema lolote, lakini siku ile alisema.

Wakwe wakafika na punda zao, na maneno yakawapokea kabla ya maji ya kunywa. Baba yake Mughith, mzee Dhuaib, akaamrisha mizigo isifunguliwe.

Mughith akasema, "Baba, tuulize kwanza."

"Tumwulize nani? Anayejua ndiye aliyekataa kuketi."

"Na ikiwa hajui kitu?"

"Basi angeketi. Tutalala hapa, mwanangu, kwa sababu punda wamechoka. Kesho, saa ya ndoa baada ya alasiri, nitakwenda msikitini kuisikia kauli ya kadhi, na isiponiridhisha tunapanda."

Siku ile ile Lubaba akajifunika, akafuatana na shangazi yake, akaenda dukani kwa Ghanim. Alisimama upande wa nje wa pazia.

"Assalaamu alaykum, ami Ghanim."

"Wa alaykumu ssalaam. Nani mwenzangu?"

"Ni yule uliyemwona na jambo."

Ghanim akaweka chini kichupa alichokuwa nacho mkononi. "Binti yangu, wallahi sikukuona na jambo lolote."

"Basi njoo uketi. Ami yangu atasema nimekuoza, bwana atasema nimekubali, nawe utasikia. Hakuna zaidi ya hapo."

"Kusikia nitasikia. Ushahidi wangu ndio wenye kasoro. Niliwahi kusema nimeona nisichokiona. Wewe huhusiki hata kidogo."

Shangazi akaingia kati. "Na nani anayejua habari hiyo?"

"Mwenyezi Mungu, na mke wangu."

"Mkeo hatakuumbua, na Mwenyezi Mungu ni Mwenye kusitiri. Keti, bwana we! Mtoto wa watu anaungua hapa, nawe unapima ucha Mungu wako!"

Na kwa hakika, ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi. Shahidi hutazamwa kwa yale yaliyo dhahiri, na dhahiri ya Ghanim ilikuwa safi kuliko ya mtu yeyote. Angeketi, ndoa ingepita, wakwe wangefungua mizigo, naye angerudi dukani na heshima yake. Alifikiri hivyo kweli; alikuja kukiri mwenyewe baadaye kwamba mkono wake ulishagusa joho lililotundikwa ukutani.

Ni Lubaba aliyesema, "Shangazi, mwache. Ami Ghanim, usiketi. Siwezi kuingia nyumba ya mtu kwa ushahidi ambao mwenyewe anaukana. Lakini umejitoa, na sababu umeniachia mimi niibebe. Njoo uichukue."

Akaondoka. Hakusubiri jibu.

Ghanim akafunga duka, akaenda kwa kadhi, akamweleza yote tangu kilimani. Kadhi hakumkatiza. Alipomaliza, Ghanim akauliza, "Sheikh, si tumefundishwa kwamba mja akisitiriwa asijifunue?"

"Ndivyo. Dhambi yako na Mola wako, isitiri. Lakini hii hukuila peke yako, Ghanim. Uliigawa, mji mzima ukala. Na sasa lawama yake amevishwa yatima."

"Wataniita shahidi wa uongo."

"Watakuita. Nami nitakuwa wa kwanza, maana ndiyo kazi yangu hii."

Ghanim akalia. Kadhi akamwacha alie, kisha akamwambia arudi nyumbani akamtake radhi mkewe kwanza.

Siku ya ndoa watu walijaa msikitini kuliko desturi, na si wote waliokuja kwa kheri. Mzee Dhuaib aliketi mbele, uso umekunjamana, na mwanawe ubavuni kwake. Naufal aliketi mkabala nao, hatazami mtu. Nafasi ya shahidi wa pili ilikuwa tupu. Baada ya swala ya alasiri Ghanim akainuka kutoka safu za nyuma, akaja mpaka mbele ya kadhi, akawageukia watu bila kuketi.

Akasema, "Mimi ni Ghanim bin Ayyash, mnanijua. Nilikwambieni kwamba nimeuona mwezi wa Idi, mwaka ule niliopanda na Mundhir. Mundhir alisema alichokiona, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mimi sikuuona. Macho yangu yalikuwa hayaoni mbali, nikaona haya kusema. Ushahidi wangu ulikuwa wa uongo, wala sitarudia. Kila aliyefungua kwa neno langu ana deni la siku moja kwa Mola wake, na anisamehe. Hii ndiyo sababu niliyojitoa katika ndoa hii. Binti wa Naufal simjui ila kwa kheri. Mwenye kumtaja kwa sababu yangu, amtoe mdomoni anitie mimi."

Msikiti ukavurugika. Mtu mmoja aitwaye Afif akasimama na kilemba kimemlegea. "Mimi siku ile nilichinja! Nilichinja mbuzi mnono, Ghanim, nikala mpaka nikalala!"

"Mbuzi ni halali yako, Afif," kadhi akasema. "Unayodaiwa ni siku. Kaa chini."

Mwingine akapiga kelele kutoka nyuma, "Kama mwezi haoni, huo ubani anautambuaje? Huenda miaka yote tunafukiza magome!" Baadhi wakacheka. Ghanim alisimama pale pale, kichwa ameinamisha, akayapokea yote. Kadhi akanyamazisha watu, akatamka mbele ya wote kwamba ushahidi wa Ghanim hautapokewa katika jambo lolote mpaka upite mwaka na watu waione toba yake. Ghanim akasema, "Nimesikia na nimeridhika," akarudi nyuma, akaketi karibu na viatu.

Mzee Dhuaib akamwelekea Naufal, akasema, "Bwana Naufal, tumeshuka mlima mzima, kisha nikakaa usiku kucha naitafuta kasoro kwa mtoto wako. Kumbe ilikuwa mbinguni huko." Akamgeukia mwanawe. "Kafungue mizigo."

"Kwanza aulizwe mwenyewe," kadhi akasema. "Kama nyinyi mlikuwa na shaka naye, huenda naye sasa ana shaka nanyi."

Akatumwa mtu kwa Lubaba. Akarudi na jibu: anaridhia, ila anaomba ami yake asitangaze tena jina la mtu.

Kadhi akauliza, "Nani atakayeshuhudia pamoja na huyu bwana wa nafaka?" Na huyo bwana wa nafaka naye akainuka, akakung'uta nguo, akasema kwa adabu kwamba yeye pia anaomba asamehewe, hakuulizwa. Basi zikawa nafasi mbili tupu, na msikiti uliojaa watu. Hakuna aliyenyanyuka. Kila mtu alikuwa anajitazama. Wale wale waliomcheka Ghanim walikuwa wanahesabu nyuzi za mkeka.

Kadhi akangoja, kisha akasema, "Jamani, sikuomba malaika. Nimeomba watu wawili wenye kusikia na kuona, wasiojulikana kwa uongo wala uchafu, na wenye kumjua huyu binti."

Naufal akainua uso. Akatazama safu kwa safu, akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mlangoni siku ya Ijumaa, "Bishri. Dahman. Ikiwa mnapenda. Nakuombeni."

Wakaja. Bishri alikuwa ameficha mikono ndani ya mikono ya kanzu. "Sheikh, rangi haitoki hii, nimesugua."

"Nyoosha mikono yako," kadhi akasema. "Ninachotaka kwako ni masikio."

Ikasomwa khutuba. Naufal akasema maneno yake, Mughith akakubali, na kadhi akawauliza wale wawili kama wamesikia. Dahman akasema amesikia. Bishri akasema la kijana amelisikia vizuri, la walii halikumfika lote kwa sababu Afif alikuwa akikohoa, akaomba lirudiwe. Likarudiwa. Naufal alilitamka tena polepole huku machozi yanamtoka, na safari hii Bishri akasema, "Nimesikia."

Inasemekana kwamba Alhamisi iliyofuata mji ule ulifunga, karibu wote, na penye mapipa ya nili siku ile walifanya kazi kimya kwa sababu ya kiu. Wapo waliokataa kumsamehe Ghanim, na wapo waliohamia kwa mwuza manukato mwingine wasirudi tena. Bibi Rayta alimsamehe, lakini si siku ile. Mwaka ulipopita kadhi alitangaza kwamba ushahidi wake unapokewa kama zamani, ila hakuna mtu aliyekuja kumwalika. Mkewe alimwuliza kama jambo hilo linamsikitisha. Akajibu, "Huku nyuma nilikokaa khutuba inasikika vizuri zaidi." Mwenyezi Mungu amrehemu, na atusitiri sisi na yale yetu, na atupe nguvu ya kuyasema yale ambayo tukiyaficha atayabeba mwingine.

Watu wakisikia kisa hiki humtaja Ghanim, na ni haki. Mimi hufikiri pia juu ya Naufal, kwa sababu kosa lake ni jepesi na tunalifanya kila siku: alimtangaza mtu kabla hajamwuliza, akamfungia njia ya kukataa kwa salama. Nina ombi moja tu kwenu. Ukiwa na binti wa kuozesha, nenda nyumbani kwa huyo unayemtaka awe shahidi, mkae wawili, umwulize kama yuko tayari. Akisema hapana, mwombee kheri utoke, wala usimwulize sababu.